Je, mwajiri anaweza kuninyima likizo ya uzazi ya baba kwa sababu sijamaliza mwaka kazini?

SWALI: Mimi ni fundi wa mitambo katika kampuni moja humu nchini Kenya, na nimefanya kazi huko kwa miezi 8, siku 6 kwa wiki. Mke wangu anatarajiwa kujifungua mwezi ujao. Nilipoomba likizo ya uzazi ya baba, meneja alinijibu kwamba likizo hiyo ni ya waliotimiza mwaka mmoja, kwamba lazima nilete cheti cha ndoa ilhali sisi tulioana kimila, na kwamba akinifikiria sana atanipa siku 10 zitakazotolewa kwenye likizo yangu ya mwaka. Sheria inasemaje, na mwajiri ana wajibu gani kwangu?

JIBU: Ndugu msomaji, haki unayoiulizia imeandikwa kwa sentensi moja tu, katika kifungu cha 29(8) cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, nayo inasema kwamba mwajiriwa wa kiume ana haki ya kupata likizo ya uzazi ya baba ya wiki 2 kwa mshahara kamili. Hakuna neno la ziada. Ufupi huo ndio unaowafanya baadhi ya waajiri kuichukulia sentensi hiyo kama shamba lisilo na mwenyewe, kila mmoja akapanda masharti yake. Kwa maoni yangu huko ni kuisoma sheria kinyume, kwa sababu Bunge lilipotaka kuweka sharti katika likizo fulani lililiandika waziwazi, na pale ambapo halikulitaka, halikuliandika.

Tuanze na muda wa utumishi. Kifungu cha 28, kinachohusu likizo ya mwaka, kinasema kwamba mwajiriwa hupata siku zisizopungua 21 za kazi kwa kila miezi 12 mfululizo aliyomtumikia mwajiri wake. Meneja wako, nadhani, amelichukua sharti hilo la miezi 12 na kulihamishia kwenye kifungu kinachofuata, ambako halipo. Miezi yako 8 inatosha, na hata ingekuwa 2 ingetosha. Wala hoja kwamba mtu bado yuko katika kipindi cha majaribio haibadilishi jambo, kwani aliye katika majaribio ni mwajiriwa kama wengine kwa shabaha ya likizo hii.

Kuhusu cheti cha ndoa, kifungu chenyewe kinamtaja mwajiriwa wa kiume bila kutaja ndoa wala mke. Linganisha na majirani zetu wa Uganda, ambao sheria yao ya ajira ya mwaka 2006 inampa mwanamume siku 4 za kazi baada ya mke wake kujifungua au mimba yake kuharibika. Huko neno “mke” limeandikwa, huku kwetu halikuandikwa. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila, na Katiba, katika ibara ya 27, inakataza mtu kumbagua mwenzake kwa misingi ya hali yake ya ndoa. Anachoweza kukuomba mwajiri kwa haki ni uthibitisho kwamba mtoto amezaliwa na kwamba wewe ndiye baba yake. Arifa ya kuzaliwa inayotolewa hospitalini, au ile inayoandikwa na naibu wa chifu endapo mtoto amezaliwa nyumbani, kwa kawaida humaliza suala hilo.

Sasa tuje kwenye hesabu ya siku, ambayo ndiyo inayowapunja watu wengi bila wao kutambua. Kifungu cha 28 kinazungumzia siku za kazi, lakini kifungu cha 29(8) kinazungumzia wiki, na wiki ni siku 7 za kalenda. Ukianza likizo yako Jumatatu ya tarehe 1, unarudi kazini Jumatatu ya tarehe 15. Kwa mtu anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, ndani ya muda huo mna siku 10 za kazi, na bila shaka huko ndiko meneja wako alikoitoa hesabu yake. Wewe unafanya kazi siku 6 kwa wiki, hivyo wiki zako 2 zina siku 12 za kazi. Akikupa siku 10 atakuwa amekunyima siku 2 za kumsaidia mama aliyetoka kujifungua, na siku 2 katika majuma yale ya kwanza si kitu kidogo.

Kuzitoa siku hizo kwenye likizo ya mwaka ni kosa lingine, tena zito zaidi, kwa kuwa humfanya mwajiriwa ajilipie haki yake kwa haki yake nyingine. Likizo hizi mbili zimewekwa katika vifungu viwili tofauti na kila moja inajitegemea. Niliwahi kushughulikia shauri la mfanyakazi ambaye fomu ya likizo ya kampuni yake ilikuwa na visanduku viwili tu, cha likizo ya mwaka na cha likizo ya ugonjwa. Mtoto wake alipozaliwa alitia alama kwenye kisanduku cha kwanza kwa sababu hakuona pengine pa kutia, na miaka miwili baadaye, alipoacha kazi na kuhesabiwa malipo yake ya mwisho, siku zile zilikuwa zimehesabiwa kuwa likizo ya mwaka aliyokwisha kuitumia. Kwa hiyo, ukipewa fomu ya namna hiyo, andika kwa mkono wako mwenyewe “likizo ya uzazi ya baba, kifungu cha 29(8)”, kisha ubaki na nakala au uipige picha kabla ya kuirudisha.

Mshahara kamili maana yake ni kwamba hati yako ya malipo ya mwezi huo haipaswi kuonyesha pungufu kwa sababu ya likizo, na kwa maoni yangu posho ya nyumba na posho nyingine unazolipwa kila mwezi zimo. Malipo ya saa za ziada ambazo hukuzifanya hayamo.

Wajibu wa mwajiri hauishii kwenye kulipa. Anapaswa kuweka rekodi sahihi za likizo za kila mwajiriwa, na pia kuhakikisha kwamba masharti ya mkataba hayashuki chini ya sheria, kwa kuwa viwango vya Sheria ya Ajira ni vya chini kabisa na makubaliano yoyote ya kuvipunguza ni batili hata kama yametiwa sahihi. Kuvipandisha kunaruhusiwa: mkataba wako, au mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, ukitoa wiki 4, basi hizo 4 ndizo zako. Muhimu kuliko yote, kifungu cha 46 kinasema kwamba kwenda likizo unayostahili, au hata kusema tu kwamba unakusudia kwenda, hakuwezi kuwa sababu ya haki ya kukuachisha kazi. Mwajiri akifanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Wapo vibarua watakaosoma jibu hili na kudhani haliwahusu. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja huchukuliwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na akiendelea hadi miezi 2 au zaidi hupata masharti ambayo angeyapata kama asingeanza akiwa kibarua. Kulipwa kwa siku pekee hakumwondolei mtu likizo hii. Nao wanaolea mtoto wa kuasili wana likizo yao: tangu mwaka 2021, kifungu cha 29A kinampa mwajiriwa, mwanamume au mwanamke, mwezi mmoja kwa mshahara kamili kuanzia siku anapokabidhiwa mtoto.

Lipo onyo moja ambalo nakuomba ulizingatie sana. Kuwa na haki ya likizo hakukuruhusu kuondoka bila kuaga. Kutokuwepo kazini bila ruhusa au sababu halali ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumpa mwajiri nafasi ya kukufukuza papo hapo, na nimesikitika mara kadhaa kuona mwanamume mwenye haki kamili akijiharibia kwa kukaa kimya siku ya kwanza. Sheria inamtaka mama atoe notisi ya maandishi ya angalau siku 7. Baba hajatajwa katika sharti hilo, lakini nakushauri uitoe hata hivyo, tena mapema zaidi. Sheria pia haikusema likizo ianze siku ipi, wala kama inaweza kugawanywa. Kwa hiyo, ikiwa mtoto atazaliwa kabla ya wakati na kulazwa, na ukapenda kuchukua wiki moja sasa na nyingine atakapotoka hospitalini, hilo litahitaji kibali cha mwajiri, na kibali hicho kiwe cha maandishi.

Andika barua wiki hii. Taja tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, eleza kwamba likizo itaanza siku mtoto atakapozaliwa na kwamba utaleta arifa ya kuzaliwa ukirudi, taja kifungu cha 29(8), na uombe jibu kwa maandishi. Ukikataliwa, peleka barua na jibu lake kwa afisa wa leba wa eneo lako, ambaye ana mamlaka ya kumwita mwajiri na ambaye huduma yake haina malipo. Asipofaulu, madai yanaweza kufikishwa mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya miaka 3. Lakini ukiachishwa kazi kwa ajili ya ombi hili, usingoje: malalamiko kwa afisa wa leba yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 3 tangu siku uliyoachishwa.