Nyota isharipuka, mbona bado inawaka?

SUALI: Maalim, asalaam aleikum. Mie nasoma skuli hapa Wete. Nimesoma kuwa ile nyota iliyoripuka 1987 iliendelea kuwaka miezi na miezi, kakangu asema ni joto lililobaki tu kama makaa ya jiko. Ni kweli? Na mionzi yake haitudhuru? Na mie naweza kuiona?

JAWABU: Waaleikum salaam mwanangu. Kakako kapatia mwanzo tu. Joto la mripuko lina mwanga wake, lakini ile gesi inatawanyika maelfu ya kilomita kwa sekunde, na gesi ikitanuka vile hupoa haraka, ingelikuwa ni hilo tu basi nyota ingezimika mapema sana. Kilichoiwasha ni nikeli 56, aina moja ya madini ya nikeli. Mripuko ukipita ndani ya nyota, silikoni hupata joto la mabilioni ya digrii ikageuka nikeli hiyo, nayo haitulii, nusu yake huoza, yaani hugeuka yenyewe, kwa siku 6 ikawa kobalti 56, kisha kobalti nusu yake huoza kwa siku 77 ikawa chuma, chuma hiki hiki cha panga na nanga. Kiini cha atomu kikioza hutoa mionzi ya gama, mionzi yenye nguvu nyingi isiyoonekana kwa macho, gesi inainyonya, inapata moto, inang'aa.

Na uzuri uko hapa: baada ya miezi minne hivi mwanga ule ukawa unapungua kwa mwendo ule ule wa kobalti, na setilaiti ya Solar Maximum Mission ikaidaka gama yenyewe. Hapo hakuna tena la kubishana!

Kobalti ikisha, kazi huchukua titani 44, madini nyingine isiyotulia, nusu yake huoza kwa miaka 60 hivi. Ndo maana hata Cassiopeia A, masalia ya nyota iliyoripuka kama miaka 350 ilopita kwa hesabu ya mwanga kutufikia, bado inayo, na darubini ya NuSTAR iliichora titani hiyo ikaonekana imekaa mabonge mabonge upande upande, yaani nyota haikuripuka sawasawa pande zote.

Mionzi usiogope, iko mbali mno na anga letu linaizuia, ndo maana hupimwa kwa setilaiti.

Kuiona nyota yenyewe sasa hivi kwa macho huwezi. Lakini mwezi wa kwanza au wa pili, saa tatu usiku, kusiwe na mbalamwezi, tazama kusini juu ya bahari utaona kiwingu cheupe kisichohama, ndo Wingu Kubwa la Magellan, kundi la nyota lililo nje ya letu, nyota ile ilikuwa mule.