Moyo Hutulia Ukijua Kazi Yako Inaishia Wapi

Wengi wanaosema wametawakali, yaani wamemtegemea Mungu, na bado hawana raha wamepindua utaratibu. Wanaanza na "namwachia Mungu" kabla hawajafanya lolote, kisha mambo yakienda kombo ndipo wanahangaika usiku na mchana. Katika Qur'ani, sura ya Aal Imran, aya ya 159, Mtume anaamrishwa ashauriane na wenzake, na akishaazimia ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Tawakali inakuja mwisho.

Chukulia mtu anataka kuacha ajira afungue duka la nafaka. Ushauri aupate kwa mwenye duka kama hilo, si kwa rafiki anayeitikia kila kitu. Aulize gunia hupungua kiasi gani kwa fukusi na panya, wateja wa mkopo hulipa lini, kodi ya fremu hulipwa ya miezi mingapi kwa mpigo. Asiyeuliza haya hajatawakali bado, amebahatisha.

Baada ya ushauri ndipo istikhara, swala na dua ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye heri. Tia udhu, uswali rakaa mbili zisizo za faradhi. Epuka baada ya swala ya Alfajiri mpaka jua lipande, na baada ya Alasiri mpaka lizame. Ukishatoa salamu, mhimidi Mola, mswalie Mtume, kisha soma dua iliyopokewa na Jabir bin Abdillahi, swahaba wa Mtume. Hujaihifadhi? Isome kwenye karatasi. Inapotajwa "jambo hili", taja lako waziwazi: kufungua duka, mahali fulani, kwa mtaji fulani.

Hapa ndipo watu wanapokosea sana. Wanalala wakisubiri ndoto, na asubuhi wanatafuta mtu wa kuwafasiria. Hadithi ya istikhara haikutaja ndoto hata kidogo. Dua yenyewe inaomba kwamba jambo likiwa la heri lifanywe jepesi, na likiwa la shari liepushwe nawe, nawe uepushwe nalo. Kwa hiyo ukishaomba unasonga mbele: unazungumza na mwenye fremu, unafuatilia leseni. Njia ikifunguka, endelea. Ikifungwa baada ya juhudi ya kweli, usiivunje kwa rushwa. Wengine humpa sheikh kazi ya kuwaswalia, ilhali maagizo yanamhusu mwenye jambo mwenyewe. Wala hakuna istikhara ya kulipa deni lililofika. Hilo ni wajibu, lilipe.

Lakini maneno yenye thamani kubwa kuliko yote kwenye dua hiyo ni ya mwisho, na ndiyo yanayosomwa mbiombio: unaomba ukadiriwe heri popote ilipo, kisha uridhishwe nayo. Huombi duka tu. Unaomba pia moyo utakaolikubali jibu, hata likiwa "hapana". Tunasisitiza usome sehemu hii polepole, kwa lugha unayoielewa, kwa sababu furaha inayotafutwa imo humo. Anayeomba apate anachotaka bila kuomba ridhaa atabaki na hofu hata akikipata.

Hasara ikitokea, subira inapimwa kwenye pigo la kwanza, pale habari inapofika, si baada ya wiki watu wakishakufariji. Zoeza ulimi kusema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kwenye mambo madogo, simu ikianguka au basi likikuacha, ili siku ya kubwa usitafute maneno. Kulia hakuvunji subira: Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na akasema anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake.

Kinachotafuna moyo ni "lau". Lau nisingeuza, lau ningesubiri. Kosa linalorekebishika liandike na ulifanyie kazi. Lililopita lipe jibu tulilofundishwa: "Qaddarallahu wa ma shaa faal", Mungu amekadiria na alitakalo amelifanya. Vilevile usiipe dua tarehe ya mwisho. Tumeelezwa kwamba mja hujibiwa maadamu hafanyi haraka akasema, "Nimeomba, sikujibiwa."

Na kama usingizi umekatika kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au unatamani kufa, nenda hospitali upesi na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Mtume aliamrisha watu wajitibu. Dawa nayo ni sehemu ya kazi inayotangulia tawakali, sawa na kumuuliza mwenye duka.