Maswali ya Wasomaji: Behewa Huanzia Chini

Maswali yaliyochaguliwa kwa safu ya toleo hili yote yanatoka kwa wasomaji wanaounda mabehewa ya mizigo ya mfano kwa ajili ya reli zao za nyumbani. Nimeyapanga kwa utaratibu ambao kazi yenyewe inastahili kufuata, yaani magurudumu na uzito kwanza, bodi baadaye, na rangi mwishoni, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba behewa lisilotembea vizuri halijakamilika hata likipakwa rangi kwa ustadi wa namna gani.

Swali: Ndugu mjibu maswali, nimeunda behewa la ekseli mbili la skeli ya HO (yaani 1:87, ambapo mfano ni mdogo mara 87 kuliko kitu halisi) kutoka kwenye seti ya vipande vya plastiki. Kwa macho linapendeza, lakini kila linapofika mahali njia inapogawanyika huacha reli, hasa likisukumwa na injini kutoka nyuma. Mabehewa yangu mengine hupita hapo bila tatizo. Kasoro iko wapi?

Jibu: Kwa kuwa mabehewa mengine yanapita mahali hapohapo, tuiache reli na tulichunguze behewa lenyewe. Liweke juu ya kipande cha kioo kinene, ambacho huwa bapa kuliko meza nyingi, kisha bonyeza kila kona kwa ncha ya kidole. Likicheza, hata kwa unene wa karatasi tu, maana yake ni kwamba magurudumu matatu ndiyo yanayobeba mzigo na la nne linaning'inia. Kwenye reli iliyonyooka kasoro hiyo haionekani, lakini gurudumu linaloning'inia likikutana na ncha ya reli ya kubadilishia njia hupanda juu yake badala ya kuongozwa nayo, na behewa linaposukumwa nguvu ya injini hulimalizia kuliangusha.

Mara nyingi chanzo ni chasisi iliyopinda wakati wa kugundishwa. Ikiwa gundi haijakomaa, bandua upande mmoja, rudisha magurudumu mahali pake, na uache chasisi ikauke ikiwa imesimama kwa magurudumu yake juu ya kioo kilekile. Ikiwa imekwisha kukomaa, dawa bora ni kuipa ekseli moja uhuru wa kuinuka na kushuka kidogo upande huu na huu, huku ekseli ya pili ikibaki imara. Hapo behewa litakuwa limesimama juu ya pointi tatu, kama kigoda cha miguu mitatu ambacho hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Kwa behewa refu lenye bogi mbili (vigari vidogo vya magurudumu vinavyogeuka chini ya behewa) kanuni ni ileile: skrubu ya bogi moja ikazwe hadi bogi iweze kugeuka tu bila kuinama, na ya pili iachwe legevu kiasi cha kuiruhusu icheze pande zote.

Baada ya hapo pima nafasi iliyopo kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa HO nafasi hiyo iwe karibu na milimita 14.4, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuleta matatizo. Magurudumu yakikaribiana mno, migongo yake hukwama kwenye reli ya ulinzi iliyopo pale njia zinapokatana. Yakiachana mno, kingo zake huzibana reli kwa ndani. Pima mahali patatu kuzunguka gurudumu, kwa sababu gurudumu lililokaa upande kwenye ekseli litakupa vipimo tofauti, na gurudumu la namna hiyo ni la kubadilishwa.

Suala la mwisho ni uzito. Chama cha waundaji wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kinapendekeza kwamba behewa la HO liwe na takriban gramu 28 za kuanzia, kisha iongezwe gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu wa bodi. Behewa la sentimita 12 litakuwa na gramu 95 hivi. Pendekezo hilo limezingatia zaidi mabehewa marefu ya bogi, na kwa behewa fupi la ekseli mbili sioni ubaya wa kupunguza kidogo. Jambo ambalo halina hiari ni mabehewa ya treni moja kulingana kwa uzito wa kila sentimita. Behewa jepesi lililo katikati ya mazito huvutwa kuelekea ndani ya kona treni inapokokotwa, na husukumwa nje inaporudi nyuma. Uzito nao ukae chini kabisa, karibu na ekseli kadiri nafasi inavyoruhusu.

Swali: Nina behewa la tangi la mafuta ambalo ni jepesi mno. Nimepata chembe ndogo za risasi na nataka kuzimwaga ndani ya tangi pamoja na gundi nyeupe ya mbao. Je, njia hii inafaa?

Jibu: Hapana, na ninakusihi usiifanye. Gundi nyeupe hutoa asidi inayoishambulia risasi taratibu, na zao la mmenyuko huo huchukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Miezi kadhaa baadaye, ndani ya tangi lililozibwa, uvimbe huo hupasua maungio na kuharibu kazi ambayo uliidhania kuwa imekwisha. Tumia gundi ya epoksi, laza tangi kama litakavyokaa kwenye chasisi, na weka kiasi kitakachotuama chini tu. Ukijaza tangi zima, behewa litakuwa zito juu na litapinduka kwenye kona. Risasi ni sumu, kwa hiyo usile wala kunywa ukiwa kazini, nawa mikono vizuri, na chembe zisiachwe mahali ambapo watoto wanafika. Nati na washa za chuma ni mbadala salama zaidi, isipokuwa kama unatenganisha mabehewa kwa sumaku iliyofichwa chini ya reli, kwani sumaku hiyo itakivuta chuma ndani ya behewa na kulisogeza lenyewe.

Swali: Ninaunda mfano wa behewa la wazi la mbao kwa karatasi za plastiki. Wiki chache baada ya kumaliza, kuta ndefu zimeanza kujikunja kuelekea ndani. Nifanye nini?

Jibu: Gundi inayoyeyusha plastiki haikauki siku moja. Ukiunganisha karatasi mbili ili kupata unene, kiyeyushi hunaswa katikati, huendelea kuilainisha plastiki, na kinapotoka polepole huivuta. Kwenye behewa lenye paa kuta hushikiliwa juu na chini. Kwenye behewa la wazi ukingo wa juu hauna kinachoushika, ndiyo maana unapinda.

Kwa ukuta utakaotengeneza sasa, tumia karatasi moja ya milimita 1 badala ya mbili za 0.5, na uchore mistari ya mbao pande zote mbili kwa kina kinacholingana, kwa sababu kuchora upande mmoja pekee nako kunaipinda karatasi. Gundi uiguse kwa ncha ya brashi kwenye maungio tu. Kwa kuta ambazo zimekwisha kupinda, kata vipande vya plastiki vyenye upana kamili wa ndani ya behewa, uvikaze katikati ya kuta hizo, na uvifiche chini ya shehena ya makaa au kokoto. Hiyo ni njia ya heshima kabisa, maana kubeba makaa ndiyo iliyokuwa kazi ya behewa la namna hiyo.

Swali: Je, mabehewa ya skeli ya 1:87 na ya 1:76 yanaweza kuwekwa kwenye treni moja?

Jibu: Yatatembea, kwa kuwa yote hutumia reli yenye upana wa milimita 16.5. Ila mlango wenye urefu wa mita 2 utakuwa milimita 23 kwenye behewa moja na zaidi ya 26 kwenye jingine, na jicho huikamata tofauti hiyo mara moja yakikaa jirani. Ukilazimika kuyachanganya, weka katikati yao behewa bapa lisilo na kuta.

Swali: Nikitaka kuongeza vipengele vidogo kwenye behewa la seti ya kawaida, nianze na vipi? Nimekuwa nikifikiria kupandikiza ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabati) moja moja.

Jibu: Ribiti ziache mwisho. Kichwa cha ribiti chenye kipenyo cha sentimita 2 ni chini ya robo ya milimita katika skeli ya 1:87, na kwa umbali ambao watu husimama kutazama reli ya nyumbani hakionekani. Kinachoonekana kwa umbali huo ni unene wa kingo na mwanga unaopita kwenye nafasi zilizo wazi.

Kwa hiyo anza na vishikio, yaani vyuma ambavyo mfanyakazi hushika anapopanda behewa. Vile vilivyomiminwa pamoja na ukuta havina nafasi nyuma yake, na vile vya plastiki vilivyotengwa huwa vinene mno: upana wa nusu milimita ni sawa na chuma cha zaidi ya sentimita 4, ambacho mfanyakazi wa reli angeshindwa kukishika sawasawa. Vikwangue kwa kisu chenye ncha bapa, lainisha kwa msasa, kisha toboa matundu ya milimita 0.35 na upachike waya wa shaba wa milimita 0.3. Ili matundu yote yalingane, tengeneza kiolezo cha kadi ngumu chenye vitundu viwili na ukitumie kwa kila kishikio. Gundi iwekwe kwa ndani, isionekane nje.

Halafu tazama kingo za juu za behewa la wazi. Mbao za mabehewa ya makaa ya Uingereza zilikuwa na unene wa sentimita 6 hivi, ambao katika 1:76 haufiki hata milimita 1, ilhali ukuta wa plastiki unaweza kuwa mnene maradufu. Piga tupa upande wa ndani pekee, kwa mshazari, hadi ukingo wa juu uwe mwembamba. Kazi hiyo ya dakika chache hubadilisha behewa kuliko ribiti mia. Mwisho, hakikisha viatu vya breki vimekaa mkabala na magurudumu. Seti nyingi huviweka ndani mno, na mtazamaji wa pembeni huona wazi kwamba breki hiyo isingeweza kugusa kitu.

Swali: Maandishi ya kubandika kwa maji huacha utando unaong'aa kuzunguka herufi. Pia, nikijaribu kulichakaza behewa kwa rangi, huonekana limepakwa matope tu. Naomba mwongozo.

Jibu: Utando huo ni hewa iliyonaswa. Rangi isiyong'aa ina mikwaruzo midogo sana, na filamu ya maandishi hulala juu yake bila kuijaza. Paka vanishi inayong'aa kwanza, bandika, lainisha filamu kwa kimiminika chake maalumu ili ishuke kwenye mifereji ya mbao, kisha funika kwa vanishi isiyong'aa. Uchakavu huja baada ya hapo.

Kuhusu uchakavu, tatizo ni kupaka rangi moja kila mahali. Jiulize kila doa limetoka wapi. Vumbi la breki, la kahawia iliyokolea, huganda kwenye chasisi na sehemu ya chini ya kuta. Maji ya mvua hushuka wima, kwa hiyo brashi nayo ivutwe wima, kutoka juu kwenda chini. Kwenye bodi ya chuma kutu huanzia pale rangi ilipogongwa na shehena, kisha hutiririka. Kwenye bodi ya mbao kutu hubaki kwenye vyuma tu, na ubao uliobadilishwa huachwa bila kupakwa rangi, nao hugeuka kijivu kadiri unavyokaa. Picha ya behewa halisi itakufundisha zaidi ya maelezo yoyote, nami singeanza kazi bila kuwa nayo mbele yangu. Usiyachakaze mabehewa yote kwa kiwango kimoja, kwa kuwa treni ya mizigo ilikusanya mabehewa yaliyotoka kiwandani juzi na mengine yaliyokaribia kukatwakatwa. Namba ya behewa iache safi kidogo kuliko ukuta unaoizunguka, kwani wafanyakazi wa reli waliifuta ili waweze kuisoma.