Jibu: Sinclair wa Beit el Amani ni yule yule

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu John Houston Sinclair anatajwa kama msanifu wa Beit el Amani, jengo la makumbusho huko Zanzibar, kisha kama Balozi Mkazi (mwakilishi mkuu wa Uingereza) huko huko, ukadhani ni watu wawili. Ni mmoja. Nami nilikwama hapo hapo.

Anza na mwaka wa kila jengo alilolisanifu, cheo kifuate. Mahakama Kuu ya Vuga ni ya 1908. Ubalozi akaushika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Beit el Amani, makumbusho ya amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikafunguliwa 1925.

Halafu nenda Mnazi Mmoja, Zanzibar, ulitazame lile kuba jeupe la Beit el Amani. Mtawala Mwingereza aliyejenga kwa matao ya Kiarabu! Mimi nalipenda mno.