Jibu: Kina mama wanakuja kikaoni lakini hawaongei

Habari dada. Unasema kina mama wa kikundi chako huko Kibosho wanahudhuria vizuri, ila ukiuliza jambo wanajibu walewale watatu na wengine wanatazama chini. Nimepitia hilo kwenye vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vya Marangu.

Kabla ya kutafuta semina nyingine, angalia mnavyokaa. Mimi nilikuwa nasimama mbele na daftari, wao kwenye mabenchi kama darasani. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, aliniita pembeni: "Mwanangu, ukisimama hivyo tunasubiri utuambie." Tangu siku hiyo nakaa nao kwenye duara, na nafika mapema nisaidie kupanga viti.

Maswali ya jumla pia yaache. Chora chini mnachobishania, mfano kuku, migomba, mikopo ya ada, kisha kila mmoja apewe punje tatu za maharage aweke anapotaka. Hata asiyejua kuandika anachagua. Mama mmoja aliyekuwa kimya miezi miwili alizirundika zote kwenye ada. Tulipomuuliza sababu, aliongea mpaka tukachelewa kufunga sanduku la fedha.

Mengi niliyapata kwa kumfuata afisa maendeleo ya jamii wa kata vikaoni, na kuandika kila jioni nani aliongea na nani hakuongea. Muombe wa kwenu.

Ila kundi lako sijaliona. Kama ukimya unatokana na madeni kati yao, duara halitasaidia. Zungumza kwanza na mweka hazina faraghani.