Ziba matundu kabla mavuno hayajaingia ndani

Mvua zikikatika Dodoma, kuanzia mwishoni mwa Aprili hivi, panya huanza kuhamia kwetu. Msimu mzima wamekuwa mashambani wakila mbegu, majani na wadudu, na kuzaana kwa kasi ya kutisha. Panya shamba jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24, na kwa kawaida hazai mmoja wala wawili. Mtama ukishavunwa, mabua yakalala na alizeti ikaingia kwenye magunia, huko shambani chakula kinapungua na maficho yanaisha. Na sisi wa Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu na Nala tumejenga juu ya yaliyokuwa mashamba juzi tu. Wengine bado tuna mtama upande mmoja wa uzio na pagale lililoota majani upande wa pili.

Watu wengi huanza kuhangaika na panya Agosti au Septemba, waya zikiwa zimeshaliwa. Kazi ya kuwazuia ni ya Aprili na Mei.

Nianze na gari. Panya haingii kwenye injini kufuata chakula. Anatafuta mahali pakavu, penye giza na joto kidogo, na usiku wa Juni na Julai hapa Dodoma kila mtu anajua baridi yake. Akishajenga kiota, anatafuna kilicho karibu, maana meno yake ya mbele hayaachi kukua na lazima ayasage. Utasikia wakisema magari ya siku hizi yana waya zilizochanganywa na soya, ndiyo maana zinaliwa. Waya za darini kwangu ni za plastiki ya kawaida, na zilitafunwa vilevile.

Gari linalokaa ndilo linalovamiwa. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, wengi wetu tunaliacha gari uani siku nyingi tukiwa safarini. Niliporudi safari moja ya Juni nikawasha, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi na gari likawa linatetemeka hata likiwa limesimama. Fundi umeme alifungua boksi la filta ya hewa akakuta nyasi kavu, vipande vya karatasi na maganda ya alizeti. Waya ya koili moja, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ilikuwa imekatwa kabisa, nyingine imevuliwa ngozi.

"Dada, waya nitaunga," akaniambia, "ila angalia kinachowaleta hapa."

Kilichowaleta ni banda la kuku lililokuwa hatua chache kutoka gari linapolala, na pumba zinazomwagika kila jioni. Tulihamisha banda, vyakula vya kuku vikaingia kwenye pipa la bati lenye mfuniko, na uani tukafyeka hadi udongo ukaonekana. Baada ya hapo ndipo nilipotoa pesa ya waya. Ukiunga waya na kuacha chakula palepale, utalipa tena. Fundi akikuungia, mwombe alehemu na kufunika vizuri kila kiungo. Tepu peke yake hulegea kwa joto la injini.

Ukisafiri, mwachie mtu funguo alitembeze gari kila baada ya siku mbili tatu, na afungue boneti aangalie. Kuacha boneti wazi usiku nako husaidia, kwa sababu panya hapendi mahali peupe, lakini kwa gari linalolala nje sikushauri.

Nyumbani hatari ni kubwa zaidi. Gari likiharibika unapanda bodaboda. Waya zilizovuliwa ngozi juu ya dari zikigusana, zinaweza kuwasha moto mkiwa mmelala. Nyumba nyingi tunazojenga zina bomba la waya ndani ya ukuta tu. Ukipanda darini unakuta waya zimelazwa wazi juu ya kenchi. Panya anatafuna hapo. Kama bado unajenga, mlazimishe fundi apitishe bomba hadi kwenye kila taa na kila kiungo kiwe ndani ya boksi lenye mfuniko. Panya anaweza kutafuna hata bomba, lakini humchukua muda mrefu, na wewe unapata nafasi ya kumkamata.

Saketi breka ikikatika mara kwa mara bila sababu, taa za chumba kimoja zikififia, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima meni swichi na uite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Usikubali mtu akubadilishie breka uwekewe kubwa zaidi ili "isisumbue". Ile breka inakuokoa.

Kisha zunguka nyumba na tochi. Panya mdogo anapita kwenye tundu linaloingia kidole. Angalia panapoingia waya za umeme na bomba la maji, nafasi kati ya bati na ukuta, na fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, iliyooza. Shindilia stiliwaya ya kusugulia masufuria ndani ya tundu, kisha ziba kwa saruji. Kwenye matundu ya kupitisha hewa weka wavu wa chuma wenye macho madogo. Wa plastiki wanaukata. Tawi la mti linalogusa bati likatwe.

Wale walio ndani tayari, tumia mitego ya kubana. Iweke ikiegemea ukuta, maana ndiko wanakopita, na chambo kiwe karanga iliyosagwa au dagaa. Dawa ya panya siipendi kabisa. Anakula, anakwenda kufia juu ya gipsamu, na nyumba haikaliki kwa harufu. Paka au bundi akimla panya huyo anaweza kufa naye, na bundi mmoja anakufanyia kazi kuliko mitego yako yote. Tafadhali msiwaue. Zile dawa za vifuko visivyo na lebo zisiingie kabisa kwenye nyumba yenye watoto.

Unapotoa kiota au kinyesi, vaa glavu na mdomo ufunikwe, lowanisha kwanza kwa maji yenye dawa ya kuua vijidudu, usifagie vikiwa vikavu. Homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi mwaka 2022 huenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo.

Wenye pampu ya maji au kiyoyozi, fungueni pia boksi la umeme lililoko nje, umeme ukiwa umezimwa. Mijusi na sisimizi hufuata joto humo na kuunguza kontakta, ile swichi inayowasha mota. Ziba kwa silikoni pale waya zinapoingilia, na uangalie tena mvua za Desemba zikikaribia.