Maswali ya Walimu: Mhadzabe Hayuko Zama za Mawe

SWALI: Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili darasa la tano. Kwenye mada ya Zama za Mawe huwa natoa mfano wa Wahadzabe, kwa kuwa wanawinda kwa upinde na kuchimba mizizi. Mwaka huu nina watoto wawili wa Kihadzabe. Nilipofika hapo wenzao waliwageukia wakacheka, na mmoja hajaonekana shule wiki nzima. Nifanyeje? – Mwalimu, Karatu

JIBU: Anza na mtoto. Nenda kwao kabla ya kipindi kijacho, ufuatane na mtu ambaye wazazi wanamwamini. Barua ya wito haitoshi, kwani mzazi ataisoma kama mashtaka.

Kisha futa mfano huo, na uufute mbele ya darasa lile lile lililocheka. Zama za Mawe zimepita. Mhadzabe wa leo anaishi mwaka huu huu tunaoishi sisi. Hata mshale wake unakanusha mfano wenyewe: ncha yake mara nyingi ni msumari uliopondwa ukawa bapa, au chuma kilichofuliwa na mhunzi wa kabila jirani la Wadatoga, naye akalipwa asali. Weka msumari wa inchi nne mezani, uwaulize wanafunzi umefikaje porini. Hapo wataanza kuona biashara, majirani na mapatano, na hiyo ndiyo historia.

Kwa kipindi cha dakika 40, tumia tano za mwanzo kusema wazi kwamba mfano wa juzi ulikuwa na kosa. Kisha chora mstari wa wakati ubaoni. Juu yake andika matukio wanayoyajua: Uhuru 1961, Muungano 1964, Azimio la Arusha 1967. Chini ya mstari huo huo andika ya Wahadzabe: miaka ya 1960, serikali inawakusanya katika kijiji cha Yaeda Chini wawe wakulima, wengi wanaugua, waliobaki wanarudi porini; 2007, mpango wa kuipa kampuni ya uwindaji bonde la Yaeda unapingwa na kampuni inajitoa; 2011, wanapata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao. Yote hayo yatachukua kama dakika 15. Zinazobaki, wagawe watoto sita sita, kila kundi lichukue tukio moja lijibu: nani aliamua, na Wahadzabe walifanya nini? Swali la pili ndilo linalosahaulika. Bila hilo, jamii ndogo hubaki watu wa kutendwa tu.

Somo hili huharibika pale mwalimu, kwa nia njema, anapomwambia mtoto wa Kihadzabe asimame atamke zile sauti za kidoko, za kugonga ulimi kinywani, au aoneshe kuvuta upinde. Mtoto si zana ya kufundishia. Akitaka kusema, aseme kwa hiari yake. Acha pia jina “Watindiga” walilopewa na majirani, kama vile Wadatoga wasivyopenda kuitwa Wamang'ati. Na usiseme ni ndugu wa Wasandawe, ambao lugha yao pia ina vidoko, kwa sababu ya vidoko tu: Kihadza hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

SWALI: Katika somo la utumwa nilipanga igizo, wanafunzi wafungwe kamba shingoni kama msafara wa kwenda pwani. Mwenzangu amenikataza. Je, kuna ubaya? – Mwalimu, Bagamoyo

JIBU: Mwenzako amekuokoa. Igizo la kamba hufundisha kicheko au hofu, na mara nyingi anayefungwa ni yule ambaye mtaani hunong'onwa kwamba babu zake walikuwa watumwa. Somo likiisha, jina hubaki naye.

Badala yake wape sheria waichambue. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na vitabu vingi huishia hapo kana kwamba watu wakawa huru siku hiyo. Amri ya 1897 ndiyo iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, nayo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, aoneshe ana pa kuishi na njia ya kujikimu. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Tanganyika ilingoja hadi 1922. Waulize: kwa nini mtu aliyeruhusiwa kuwa huru angesita kwenda? Waache wafikirie nyumba, kipande cha shamba, watoto. Mjadala huo peke yake hujaza kipindi.

Malizia na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika familia iliyotoka utumwani, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Wasikilizishe wimbo wake mmoja.

SWALI: Jamii yetu haimo kitabuni kabisa. Naweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee? – Mwalimu, Mkalama

JIBU: Ndiyo, ila kapige hodi wewe kwanza, uombe ridhaa. Wanafunzi watatu kwa mzee mmoja wanatosha, maswali yasizidi matano. Wasiulize “asili yenu ni wapi?”, waulize mlilima nini, nani alihamishwa, mwaka wa njaa ipi. Mzee asiyekumbuka tarehe hukumbuka njaa. Kila habari isikilizwe kwa wazee wawili, mmoja awe mwanamke, na wakitofautiana ziandikwe zote mbili. Nakala moja irudishwe kwa mzee mwenyewe, asomewe kabla haijabandikwa ukutani.